Jumamosi Yao, Jumapili Yetu

Tulipomzika mama mkwe wangu mwezi uliopita hapa Muhuru Bay, alisimama afisa mmoja wa mambo ya samaki, kijana mnene aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya hema, akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba marehemu alikuwa mlinzi wa ziwa. Ati kome wa ghuba yetu wapo mpaka leo kwa sababu ya upendo wake. Upendo! Niliposikia neno hilo nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka, na mke wa shemeji yangu aliyekaa kando yangu akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka, na waombolezaji wakadhani nalia. "Nyamaza, watu wanakuangalia," akanong'ona. Wacha waangalie. Nimeishi katika boma la yule mama miaka yangu yote ya utu uzima, na kama kuna kitu sikuwahi kukiona mkononi mwake ni upendo, si kwa kome, si kwangu. Najua wafu hawasemwi vibaya. Adabu hiyo nilifundishwa kama mtu mwingine yeyote. Lakini nani alisema wafu wasingiziwe mema? Kwa hiyo nitausimulia mwaka ule wa kome kama ulivyokuwa, na atakayekasirika akasirike.

Mwaka huo nilikuwa mke mpya. Nilitoka Awendo, mji wa miwa, ambako maji niliyoyajua yalikuwa ya kisima na ya mvua, nikaolewa na Ouma, mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa letu, mtu mpole aliyemwogopa mama yake kuliko dhoruba. Alinijengea nyumba ya mabati ndani ya boma lao. Mlango ulifunga vizuri, kitanda kilikuwepo, pazia nilikuja nalo. Moto ndio haukuwepo. Kwetu Waluo mke mpya hupika katika jiko la mama mkwe mpaka siku ile mama mkwe mwenyewe atakapomwekea mafiga yake matatu na kumwashia moto wa kwanza. Hajiwekei. Anayejiwekea anajitafutia chira, ile laana ambayo watu husema huanza na watoto. Wenzangu walioolewa msimu ule walipewa meko yao mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuitana kwenda kuonja mboga. Mimi nikiuliza, nilijibiwa neno moja tu: "Bado."

Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo kisicho na dirisha, paa lake limepakwa masizi hadi linang'aa. Kigoda chake kilikaa karibu na mlango penye hewa. Changu kilikaa upande wa moshi. Chumvi aliiweka kwenye kopo lenye kifuniko na kunipimia kwa vidole vyake mwenyewe, kana kwamba ningeilamba. Nikisonga ugali anauchoma kwa kidole na kuuliza kama huko Awendo tunakula uji. Nikiunga omena anaonja, anatema nje ya mlango, anarudi kuketi. Sasa hivi nikiwa mwanamke mzima mwenye wakaza wana wangu mwenyewe ninaelewa ujanja wake: alikuwa na wana wawili tu, na mimi nilikuwa mkaza mwana wa kwanza, na akinipa meko amebaki peke yake katika kibanda kile. Ninaelewa. Sijasema nimesamehe. Nilitaka kitu kimoja mwaka ule, moto wangu mwenyewe, na yeye alikikalia kama kuku anavyokalia mayai.

Kilichoniokoa nisirudi Awendo ni jirani aliyeitwa Perpetua. Alikuwa Mkatoliki kama mimi, mkubwa kwangu kidogo, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya ghuba. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvuna kome. Wengi hawajui kwamba ziwa letu lina kome, wale wa maganda mawili wanaojifukia mchangani. Unaingia majini mpaka kiunoni, unaburuta miguu polepole, na kidole gumba cha mguu kinakuambia: hili jiwe, hili tope, huyu kome. Unainama, unamchomoa, unampima kwa kidole gumba cha mkono. Akiwa mfupi kuliko kidole, unamrudisha na kumfukia kwa unyayo. Perpetua alikuwa mkali kwa jambo hilo. "Huyo hajazaa bado," aliniambia siku ya kwanza. "Ukila mtoto, mwakani utakula mchanga." Nyumbani kwake tuliwachemsha mpaka wakafunguka, tukaosha mchanga, tukawakaanga kwa kitunguu na nyanya, na nikala nikasahau kwamba mimi ni mke wa mtu. Nilikuwa na mimba ya miezi ya kwanza, kila kitu kilinichefua, ila kome.

Sasa, boma la mume wangu lilikuwa la Wasabato. Kwao kiumbe cha majini kisicho na mapezi wala magamba ya samaki ni najisi, na hilo silicheki, kila mtu na imani yake. Lakini siku moja nikiwa nasugua sufuria nje ya kile kibanda nilimsikia mama mkwe akimwambia mgeni wake ndani, kwa sauti ya mtu anayejua anasikika: "Huyo nyar Awendo, huyo binti wa miwa, anakula wale wadudu. Mtoto atazaliwa na ganda mgongoni, tutambebaje kanisani?" Mgeni akacheka mpaka akakohoa. Nikaendelea kusugua. Ile sufuria haijawahi kung'aa namna ile tena.

Kisha akaja mama mmoja mwenye hoteli mjini Homa Bay, ambako kulikuwa na wageni wa kazi ya barabara waliopenda kome kuliko nyama. Alikuja na gari, akachukua kila ndoo iliyokuwepo, akasema atarudi, na akarudi. Kabla ya hapo tuliingia majini wanawake wachache tu, tena wakati omena wameadimika. Sasa ghuba ikajaa watu mpaka mkigeuka mnagongana viuno. Na nani nilimkuta siku moja amefunga leso juu ya magoti, ndoo kichwani, anaburuta miguu kuliko wote? Mama mkwe. Perpetua hakujizuia. "Mama Ouma, si hawa ni najisi?" Akajibiwa bila kugeuziwa uso: "Biblia imekataza kula. Haijakataza kuuza." Watu walicheka, naye hakucheka. Alikuwa anamaanisha.

Haikuchukua muda mwenyekiti wa bichi, yaani wa kamati ya wavuvi wa ufuo wetu, akaona maganda madogo yamerundikana ufuoni, mengine mafupi kuliko ukucha. Mwenyekiti alikuwa mtu mzuri asiyependa kelele, na hiyo ndiyo shida ya watu wazuri. Aliitisha mkutano chini ya banda la kuanikia nyavu, akaeleza kwamba kome hukua polepole, kwamba shamba lisilopumzika halizai, na akapendekeza ghuba ipumzike kila wiki siku ya ibada. Siku ya Bwana! Nani angepinga? Wasabato wakasema amina, Wakatoliki wakasema amina, tukaombewa, tukaenda zetu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza siku ya Bwana ni ipi. Ungekuwa mgeni ungeshangaa, lakini kwetu kila mtu alijua jibu, na kila mtu alijua lake.

Jumamosi ya kwanza, Wasabato wakiwa kanisani wanaimba, sisi Wakatoliki tulikuwa majini. Jumapili, tulipotoka Misa, tukakuta ghuba imechafuka tope na Wasabato wakitoka na ndoo zilizojaa. Mambo yakawa hivyo. Ingekuwa ni siku ya kawaida labda mtu angevuna kwa kiasi. Lakini kuchimba wakati mwenzako anasali kuna utamu wake, na kuna hofu yake pia, kwa sababu ukimwacha mdogo leo, kesho yule mwingine atamchukua. Basi hakuna aliyemrudisha mdogo tena. Hata Perpetua. Nilimwona kwa macho yangu akitia ndooni kome wa ukubwa wa punje ya hindi, nikamkumbusha habari za kula mtoto, akaniambia, "Nimwachie nani? Mama mkwe wako?" Jumapili moja tulikuta maganda yamemwagwa mbele ya mlango wa kigango, kanisa letu dogo, harufu imejaa mpaka katekista akafupisha sala. Jumamosi iliyofuata mlango wa Wasabato nao ukapakwa tope la ziwani. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi wakaanza kupitana njiani wakitazama mashamba.

Na mimi? Mimi nilikuwa Mkatoliki katika boma la Wasabato, kwa hiyo nilipata taabu za pande zote mbili. Jumamosi sikuruhusiwa kutoka. Chakula kilipikwa Ijumaa kabla jua halijatua, nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na viazi, na Jumamosi tulikila kikiwa baridi ndani ya kile kibanda, majivu yamezimwa, huku sauti ya Perpetua ikinifikia kutoka majini akicheka na wenzake. Jumapili mama mkwe alinitaka niende naye kuchimba. "Katika boma langu Jumapili ni siku ya kazi," alisema. Nikamwambia naenda Misa. "Nenda," akasema, "na Misa ikupe meko." Ouma alikuwepo, ameshika nyavu zake, akatazama chini. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mama yake, kwa sababu kwa mama yake sikutarajia kitu.

Kufikia kiangazi, miguu ilikuwa inaburutwa asubuhi nzima na kidole hakisemi kitu. Mchanga mtupu. Yule mama wa hoteli alikuja, akatazama ndani ya ndoo zetu, akauliza kama tumemwitia kokoto, akaondoka. Mwenyekiti akaitisha mkutano tena na ukawa wa matusi tangu sala ya kufungua. Wasabato wakisema Wakatoliki wamemaliza ziwa, Wakatoliki wakisema ni wale wanaouza wasichokila. Nikasimama. Tumbo lilikuwa limeshatokeza. Nikaanza kusema kwamba mimi nimekaa siku zote mbili bila kuchimba na sijafa, na kwamba ghuba inaweza kupumzika zote mbili. Sikumaliza. Mama mkwe aliinuka kwenye mkeka wake. "Tangu lini," akauliza, "mke asiye na meko akasema mbele ya watu? Huyu bado anakula kwangu. Akiwa na neno, nitalisema mimi." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hata Perpetua akanivuta sketi niketi. Nikaketi. Mkutano ukavunjika, ukapangwa Jumatatu ya wiki iliyofuata, na nilipokuwa narudi nyumbani nyuma yake, nikibeba mkeka wake, nilisikia hasira ikinipanda kutoka miguuni.

Jumamosi hiyo walipokwenda kanisani nilikwenda ufuoni nikachagua mawe matatu. Nilimwomba Perpetua kaa la moto la kuniletea bahati njema, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Haki, mimi ni Mkatoliki," akasema, "lakini chira haisomi katekisimu. Una mimba, wewe! Watoe hao mapepo kichwani." Hata kome hakunipa mkononi; aliniachia wachache chini kwenye jani, akaenda zake bila kugeuka. Sikuwa na haja ya kaa. Nilikuwa na kiberiti. Niliyapanga mafiga yangu nyuma ya nyumba yangu, siku ya Sabato, ndani ya boma la Wasabato, nikawasha kuni, nikainjika sufuria na kuwachemsha kome. Nitasema kweli, niliogopa. Nilimshika mtoto tumboni kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine, nikamwambia, usiniangushe.

Mama mkwe aliuona moshi kutoka njiani. Alikuja na Biblia kwapani, viatu vya kanisani bado miguuni, akasimama juu yangu. Nilitarajia atapiga teke sufuria. Hakuligusa hata jiwe moja, na nadhani ni kwa kuwa aliogopa kuligusa. "Nani alikuwekea?" akauliza. "Nimejiwekea." "Chira itamla huyo mtoto." "Mama, wewe ni Msabato. Chira umeitoa kitabu gani?" Aliihamishia Biblia kwapa la pili. Kisha akasema, polepole, kila neno peke yake: "Hayo si meko. Meko hupewa. Mimi sijakupa, na chochote kitakachopikwa hapo sitakitia mdomoni mpaka nife." Ouma alitokea nyuma yake. Alitazama moto, akamtazama mama yake, akaniangalia mimi. Halafu, yawa, yule bwana wa kutazama chini alivuta jiwe, akaketi kando ya sufuria, na akasubiri chakula. Mpaka leo nikimkasirikia huikumbuka siku hiyo, nikampunguzia.

Jumatatu nilisimama tena mkutanoni. Mama mkwe akafungua mdomo, nami nikamwahi: "Nina meko. Moshi wake mnauona kutoka hapo mlipoketi." Watu wakanong'onezana, wengine wakasogea mbali nami kidogo, lakini hakuna aliyeniambia niketi. Nikamgeukia mwenyekiti. Nilimwambia, usiwaulize watu wanataka kupumzika lini. Waulize wanataka nani azuiwe. Alinitazama kama asiyeelewa, kisha akaelewa, na nikaona anapambana na kicheko. Akauliza: "Wangapi wanataka Wakatoliki wazuiwe kuingia majini Jumamosi?" Mikono ya Wasabato ikaruka yote, wa kwanza ukiwa wa mama mkwe wangu. Wakatoliki wakapiga kelele. "Na wangapi wanataka Wasabato wazuiwe Jumapili?" Mikono yetu nayo juu, Perpetua ameinua miwili. "Basi imepita," akasema mwenyekiti, "zote mbili, na mdogo kuliko kidole gumba arudishwe." Akafunga kwa sala kabla mtu hajakaa kufikiri.

Hivyo ndivyo kome walivyopona, bwana afisa. Si kwa upendo. Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi baada ya ibada, mama mkwe alikwenda kuketi kwenye miamba ya upande wa mashariki na fimbo yake, kuhakikisha hakuna Mkatoliki anayeingia majini. Na kila Jumapili baada ya Misa, mimi niliketi upande wa magharibi na mwanangu tumboni, baadaye mgongoni, kuwachunga Wasabato. Mwanzoni wengine walijaribu kuiba. Yeye aliwatukana wa kwetu mpaka wa babu zao, nami niliwatukana wa kwao, na sote wawili tulikuwa na midomo. Ikafika wakati anakuja hata siku yangu, nami naenda hata siku yake, kwa kuwa hatukuaminiana. Tuliketi pande mbili za ghuba miaka na miaka bila kusalimiana. Mtoto alipoanza kutembea nikaingia majini siku ya Jumanne, nikaburuta mguu, na kidole kikagusa ganda. Likafuata jingine. Nililia pale, majini, nikanawa uso haraka kabla hajaniona.

Chira haikumla mtoto. Yuko Kisumu, ana kazi, ana kitambi, mgongoni hana ganda. Lakini mama mkwe alishika neno lake. Harusi, matanga, sikukuu, chochote kilichotoka kwenye meko yangu alikipitisha kwa mwenzake bila kukitazama. Mke wa shemeji yangu alipokuja, alipewa mafiga yake kabla hajakaa vizuri, kwa nderemo na vigelegele, nami nikiwa nimesimama pale nikipiga makofi. Iliniuma. Nimezeeka na bado inaniuma, na sioni haya kuisema.

Mwishoni alilala kitandani asiweze kuinuka. Mke wa shemeji ndiye aliyempikia, mimi nikifua na kumgeuza, na tulizungumza maneno ya kazi tu: inua, shika, pole. Kisha mke wa shemeji akaitwa kwao Rangwe kwa ugonjwa wa mama yake mzazi, na bomani nikabaki mimi. Siku nzima ya kwanza alikataa kila kitu, akasema hana njaa. Siku ya pili nilipika uji wa mtama, nikauleta kwenye bakuli, nikamwinua nikamwegemeza kifuani pangu, maana hakuwa na uzito tena. Akalitazama bakuli.

"Umepikia wapi?"

"Kwangu."

Nilisikia pumzi yake ikikwaruza.

"Sijakupa meko."

"Najua, Mama."

"Na sitakupa."

"Najua."

Nikakishika kijiko. Alinigeuzia macho yake, chuki imo mle mle, haijapungua hata chembe. Kisha akafungua mdomo.